Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara zetu: chunguzeni pia kilichoua ndani ya gari

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya ujenzi, uchukuzi na mambo ya ndani, Wakuu wa Mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu), TANROADS (wakala wa barabara), na Kikosi cha Usalama Barabarani.

YAH: UCHUNGUZI WA AJALI USIISHIE KWA DEREVA

Waheshimiwa, tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kila inapotokea ajali katika barabara hii inayotoka Dar es Salaam, ikapanda Kitonga, ikapita Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole hadi Tunduma, taarifa huja na maneno yale yale: chanzo ni mwendokasi na uzembe wa dereva, au lori lilifeli breki. Dereva anatafutwa, na mara nyingi ameshatoroka. Rambirambi zinatolewa, trafiki wanakagua magari kwa wiki mbili tatu, kisha tunaendelea na safari. Sibishani na taarifa hizo, maana mara nyingi ni za kweli. Shida ni kwamba zinajibu swali moja kati ya mawili. Zinatueleza kwa nini magari yaligongana. Hazituelezi kwa nini abiria wa siti ya tatu alikufa palepale na wa siti ya nne akatoka na mkono uliovunjika.

Mimi nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Mbeya. Swali hilo la pili halihitaji maabara ya ng'ambo, linajibika kwa somo tunalofundisha kidato cha pili. Isaac Newton alichapisha kanuni zake tatu za mwendo mwaka 1687, watu wakisafiri kwa farasi na merikebu, na tangu hapo hazijawahi kumsamehe mtu kwa sababu alikuwa upande wake wa barabara. Naomba mnivumilie nizipitishe hapa, maana kila moja inadai kitu kutoka ofisi fulani kati ya hizo nilizoziandikia.

Ya kwanza inasema kwamba kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda, kwa kasi ile ile na katika mstari ule ule, mpaka kitokee cha kukizuia. Abiria wa Kosta inayokwenda kilomita 72 kwa saa naye anakwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kila sekunde, hata kama amesinzia. Kosta ikigonga lori na kusimama, kilichosimama ni Kosta. Yeye bado anasafiri. Manusura husimulia kwamba "kuna nguvu ilinirusha mbele", lakini nguvu hiyo haipo: gari limekatiza safari, mwili haujakatiza. Utasimamishwa na chochote kitakachokuwa mbele yake, kiwe mkanda, bomba la siti, kioo au kisogo cha abiria mwenzake.

Na kanuni hiyo haiishii kwenye ngozi. Madaktari wa majeruhi huhesabu migongano mitatu katika ajali moja: gari na kitu lilichogonga, mwili na gari, kisha viungo vya ndani na mwili wenyewe. Fuvu likishasimama, ubongo ulio ndani yake bado unakwenda. Unagonga mfupa wa mbele, unarudi nyuma na kugonga wa kisogoni, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na nundu kwenye paji la uso na damu imevilia upande wa pili wa kichwa. Moyo nao unaning'inia kifuani ilhali mshipa mkuu wa damu, baada ya kupinda kushuka, umeshikizwa karibu na uti wa mgongo. Kifua kikisimama ghafla, mshipa huo huchanika pale pale unapoanzia kushikizwa. Ini na bandama hupasuka kwa namna hiyo hiyo bila ngozi ya tumbo kuonyesha hata mchubuko. Ndipo tunaposikia habari za mtu aliyetoka garini kwa miguu yake, akapiga simu nyumbani kusema yu mzima, akafariki jioni. Mtaani huku wapo wanaoanza kumtafuta aliyemroga. Alikuwa akivuja damu ndani tangu alipobonyeza namba ya kwanza.

Kanuni ya pili ndiyo yenye kazi kubwa zaidi kwenu. Inasema kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, inayoupata mwili hutegemea mwendo wake umebadilika kwa kiasi gani na kwa haraka kiasi gani. Mtu wa kilo 60 anayetoka mita 20 kwa sekunde hadi sifuri atapoteza mwendo ule ule, afunge mkanda asifunge. Kinachotofautiana ni nafasi anayopewa ya kusimamia. Tuseme pua ya gari imebonyea na mkanda ukanyumbuka kidogo, jumla akapata nusu mita. Kani ni kama nyutoni 24,000, sawa na mzigo wa tani mbili na nusu hivi, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, umetandazwa juu ya mifupa ya kifua na nyonga. Mbavu zinaweza kuvunjika, lakini mtu huyo anaweza kurudi nyumbani. Sasa mnyime mkanda, paji lake la uso na kifua visimamishwe na dashibodi ndani ya sentimita tano. Nafasi imepungua mara kumi, kani imeongezeka mara kumi: karibu tani 25. Hakuna hospitali ya rufaa inayoweza kurekebisha hesabu hiyo baadaye.

Yupo mtu aliyejitolea mwili wake kulithibitisha hili. Tarehe 10 Desemba 1954, huko New Mexico, Marekani, daktari wa jeshi la anga John Paul Stapp alifungwa mikanda kwenye kigari cha roketi kilichokuwa juu ya reli, akafikishwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, akasimamishwa kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Mwili wake ulibeba kani ya zaidi ya mara 46 ya uzito wake. Macho yalivilia damu, lakini alipona, na alikufa mwaka 1999 akiwa mzee. Miaka mitano baada ya jaribio lile, mhandisi Nils Bohlin wa Volvo alitengeneza mkanda unaoshika sehemu tatu, begani na nyonga zote mbili, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie bure. Mwaka ulikuwa 1959. Mkanda huo umeitangulia bendera ya Uhuru wetu kwa miaka miwili. Shirika la Afya Duniani linasema kuufunga kunaweza kupunguza hatari ya kufa kwa abiria wa mbele hadi nusu.

Nendeni stendi ya Kabwe au Nane Nane, waheshimiwa, bila msafara, mkapande Hiace. Mkanda wa dereva upo, naye huuvuta begani akiona trafiki. Wa abiria wa mbele una ulimi lakini kifungio kimekufa. Huko nyuma ama haupo, ama umezikwa chini ya kava la siti. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilimtazama dereva na aliyekaa mbele, kana kwamba kanuni ya kwanza inaishia kwenye kioo cha nyuma ya dereva. Abiria wa nyuma asiyefungwa ni hatari kwake na pia ni mzigo unaokwenda kumpiga aliye mbele yake, hata kama huyo wa mbele amefunga.

Hapa nawaomba msikimbilie kutoa tamko kwamba mikanda ifungwe ndani ya siku 30. Hiace nyingi zinazobeba watu ziliingia nchini zikiwa gari za mizigo, na siti zimechomelewa gereji, juu ya bati la sakafu. Siti ya kibao yenye watu wanne wa kilo 60, katika ajali ile ile ya mita 20 kwa sekunde na nusu mita ya kusimamia, itavutwa kwa kani ya karibu tani kumi. Mkishona mkanda kwenye siti ya namna hiyo mmewafunga watu wanne kwenye chuma kitakachong'oka na kuruka nao. Cha kukagua kwanza ni mguu wa siti: umefungwa kwenye fremu ya gari au kwenye bati? Kwa boliti gani? Nani alichomelea, na nani alimpima? LATRA hawatoi leseni ya usafirishaji bila gari kukaguliwa, kwa hiyo mlango wa kuingizia swali hilo upo tayari. Abiria hawezi kuliona kwa macho, ndiyo sababu lazima liwe kazi ya serikali.

Nyongeza kidogo kwa wanaosifia magari "magumu" ya zamani, na kwa wanaochomelea ngao za bomba nene mbele ya Noah. Tangu miaka ya 1950 mwanzoni, mhandisi Béla Barényi wa Mercedes aliliona jambo lililo kinyume na mawazo ya mtaani: pua ya gari inatakiwa ikunjike, ili chumba cha abiria kipate umbali wa kusimamia. Gari lisilobonyea linakabidhi pigo lote kwa waliomo. Hiace na Kosta zina pua fupi mno, dereva na abiria wa mbele wanakaa karibu juu ya bampa. Kwa gari za namna hiyo mkanda na siti imara ndivyo karibu umbali wote tulio nao.

Mtoto wa kupakatwa nimemwachia aya yake. Mtoto wa kilo 10, gari linalokwenda kilomita 36 tu kwa saa, kasi ya mjini pale Mwanjelwa. Ili asimame ndani ya sentimita kumi, mikono ya mama inatakiwa ishike kani ya kilo 500. Hata mama akipata nusu mita nzima, bado ni kilo 100, bila kutarajia, kwa muda kama wa kupepesa jicho. Baada ya ajali tunasikia maneno kwamba mama "alimwachia mtoto". Hakumwachia. Sheria yetu haijamtambua mtoto huyu kama abiria anayehitaji kifaa chake cha kufungiwa, na hilo ni la Bunge na wizara, mama msimuulize.

Gunia la viazi la lumbesa nyuma ya siti ya mwisho nalo ni abiria asiyefungwa, na ana kilo zaidi ya mia. Vivyo hivyo kontena. Machi 2015 pale Changarawe, Mafinga, kontena la lori lililalia basi na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Lori linapokata kona au kukwepa shimo, kontena linataka kuendelea moja kwa moja. Kinacholishika ni kufuli za pembeni. Mizani zetu hupima uzito wa lori kwa uangalifu mkubwa kwa sababu uzito unaharibu lami. Nashauri foleni hiyo hiyo ya mizani itumike pia kuangalia kama kufuli zote nne za kontena zimefungwa. Ni kazi ya dakika moja kwa mtu mwenye tochi, ile ya mwanga.

Maana ile nyingine, ya kupima kasi, tunaifahamu vizuri. Madereva huambizana kwa taa ilipo, wanapunguza hadi 50 kwenye kibao, wanaipita, wanakanyaga tena. Dereva aliyetoka 50 akafika 70 anadhani ameongeza ishirini. Nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo ameongeza karibu mara mbili kile ambacho mwili wa mtu utalazimika kukimeza. Watumie madereva ujumbe huo pamoja na faini.

Kanuni ya tatu watu huinukuu vibaya kuliko zote. Magari mawili yakigongana yanapigana kwa kani zinazolingana, moja likielekea huku na jingine kule. Zinalingana kabisa, hata kama moja ni lori na jingine ni Hiace. Lakini madhara hayalingani, kwa sababu kani ile ile inapoligusa lenye uzito mdogo hulibadilisha mwendo zaidi. Chukua lori la tani 40 na Hiace iliyojaa ya tani 3, kila moja ikija kwa kilomita 54 kwa saa, wakaonana uso kwa uso na kunasiana. Ukikokotoa, mwendo wa lori unapungua kwa kilomita saba na nusu tu kwa saa. Wa Hiace unabadilika kwa kilomita 100 kwa saa, kwa sababu inasimamishwa kisha inasukumwa kurudi ilikotoka. Dereva wa lori amepata mshtuko kama wa breki ya ghafla. Abiria wa Hiace wamepata ajali ya kilomita 100. Ndiyo maana dereva wa lori hufungua mlango na kukimbilia porini, na watu wakasema ana hirizi. Hirizi yake ni hizo tani 40.

Kutokana na hapo, hakuna mkanda wala siti itakayomtetea abiria wa daladala dhidi ya lori la shaba linalokuja uso kwa uso. Kinachomtetea ni kutokutana nalo. Barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi ni jambo la heri, nami naipongeza kwa dhati, lakini njia nne zilizotenganishwa kwa rangi nyeupe bado ni uso kwa uso. Tunaomba ukuta au chuma katikati, katika urefu wote. Na barabara ya mchepuko ya malori kutoka Uyole kwenda Songwe, ambayo tumeisikia kwenye hotuba nyingi, ipewe tarehe.

Nimefika kwenye milima, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Iwambi, Mlima Nyoka, Inyala, Igawilo na Kawetire ndiyo majina yanayojirudia kwenye misiba yetu, na maneno "breki zilifeli" yametumika hadi yakawa kama jina la ugonjwa usio na dawa. Breki haziui mwendo, zinaugeuza kuwa joto. Lori la tani 40 likishuka mita 100 za wima kwa kasi isiyoongezeka, linapaswa kutupa nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji ya baridi. Mlima wenye mita 300 za kushuka ni mara tatu yake. Ikiwa dereva ameshuka kwa gia ndogo, sehemu kubwa ya joto hilo inamezwa na injini. Ikiwa ameachia "free" ili kubana dizeli, au ana gia kubwa na mguu juu ya breki muda wote, joto lote linakwenda kwenye ngoma za magurudumu. Bitana zinapoteza mkwaruzo, na kufika mteremko wa mwisho anakanyaga pedali inayokubali kushuka lakini gari halikubali kusimama. Breki hiyo ingeweza kupita ukaguzi asubuhi ile ile. Kwa hiyo kuikagua stendi au mizani peke yake hakutoshi.

Na pale chini ndipo tulipoweka matuta, soko, kituo cha daladala na vijana wa bajaji. Tuta mwisho wa mteremko mrefu ni kumwomba dereva breki wakati zimeisha. Nina hakika mhandisi aliyeliweka alikuwa na nia njema kwa watembea kwa miguu, ila angeliweka tuta lake juu, kabla ya mteremko kuanza, na pembeni yake uwanja wa lazima wa kusimama, gari lipoe na utingo ashuke kugusa magurudumu.

Njia za kuponyea zinahitajika pia, zile zinazochepuka kutoka barabarani na kuingia kwenye kitanda kirefu cha kokoto laini zisizoshindiliwa. Hii ni kanuni ya pili tu, imeandikwa kwa kokoto badala ya mkanda: mpe mtu umbali wa kusimamia. Lori lililofikia kilomita 90 kwa saa likizama kwenye kitanda cha mita 80, dereva atapata kani ya karibu asilimia 40 ya uzito wake. Atatikisika, atalaumiwa na tajiri wake, lori litavutwa kwa winchi. Lori hilo hilo likisimamishwa na foleni ya Mbalizi, umbali huo unatolewa na Hiace moja baada ya nyingine. Kokoto hatukosi, milima yenyewe ni kokoto.

Ombi langu la mwisho ni la karatasi. Fomu ya ajali iongezwe ukurasa mmoja wa majeraha. Gari lilikuwa na kasi gani sekunde chache kabla? (Kwa mabasi, VTS, yaani mfumo wa LATRA wa kufuatilia mwendo wa mabasi, unayo habari hiyo.) Lilibonyea kwa sentimita ngapi? Kila aliyekufa alikuwa siti ipi, na kilichomsimamisha ni nini? Siti zipi ziling'oka, na zilikuwa zimeshikwa na nini? Mkanda ulikuwepo, ulifanya kazi, ulifungwa? Mizigo ilikuwa wapi? Trafiki akiwa na futi kamba na simu yenye kamera anaweza kujaza robo tatu ya ukurasa huo kabla gari halijavutwa. Iliyobaki hospitali itaijaza. Walimu wa fizikia wa mikoa hii minne wako tayari kusaidia kukokotoa, na mimi naanza kujiandikisha. Ripoti ya kwanza ikikamilika, itolewe hadharani bila majina ya marehemu, na nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa stendi ya Nane Nane, mahali abiria wa Tukuyu na Kyela wanapoweza kuisoma kabla ya kulipa nauli.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Uyole, Mbeya.